Njaa ya Februari Huhesabiwa Mwezi wa Juni



Mwezi wa Juni ni mwezi wa furaha hapa Nyahanga. Mpunga umekwisha kukatwa majarubani. Mahindi yako nyumbani. Malori yanaingia Kahama yakiwa matupu na kutoka yakiwa yamejaa. Watoto wanashiba. Ukimwambia mtu mwezi huu kwamba ana njaa, atakucheka.

Lakini mwezi wa Februari tunaujua sote. Shamba limejaa magugu na kihenge kimebaki vumbi. Mwenye duka amekataa kukopesha. Ndipo mtu anapouza maksai wake wa kulimia. Mwingine anachukua mkopo wa riba kali. Mwingine anaacha shamba lake na kwenda kulima kibarua katika shamba la mwenzake. Kwa njia hiyo mwaka unaofuata huanza na shida kubwa kuliko ule uliopita.

Leo tutatumia kalamu. Wewe sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Chukua daftari lako.

Tuseme kaya yako ina watu 6, wakubwa kwa wadogo. Tuseme mnakula debe 1 la mahindi kwa wiki. Mwaka una wiki 52. Kwa hiyo mnahitaji madebe 52. Gunia la kilo 100 ni kama madebe 6. Gawanya 52 kwa 6. Utapata 8, na madebe 4 yanabaki. Andika basi: magunia 9. Hicho ndicho chakula cha nyumba yako kwa mwaka mzima.

Sasa nenda kahesabu ulichovuna. Tuseme mvua ilikatika mapema, ukavuna magunia 6 tu. Magunia 6 ni madebe 36. Madebe 36 ni chakula cha wiki 36. Ukianza kuhesabu tarehe 1 Juni, wiki 36 zinakwisha mwanzoni mwa Februari.

Ona jambo hili vizuri. Ile njaa ya Februari imekwisha kuingia nyumbani kwako mwezi wa Juni, nawe bado unashiba. Umepungukiwa magunia 3. Kujua hivyo mwezi wa Juni ni tofauti kabisa na kujua mwezi wa Februari. Tofauti yenyewe tuipige hesabu.

Tuseme mwezi wa Juni gunia la mahindi ni shilingi 50,000, na mbuzi mmoja mnadani ni shilingi 70,000. Magunia 3 ni shilingi 150,000. Ukiuza mbuzi 2 utapata shilingi 140,000. Ongeza kuku mmoja, umemaliza.

Sasa tuseme umengoja mpaka njaa ikubane. Gunia limepanda hadi shilingi 100,000. Mbuzi ameshuka hadi shilingi 50,000. Magunia 3 sasa ni shilingi 300,000. Utauza mbuzi wangapi? Gawanya 300,000 kwa 50,000. Utapata mbuzi 6.

Mahindi ni yaleyale magunia 3. Mtu wa kwanza alitoa mbuzi 2 na kuku. Mtu wa pili alitoa mbuzi 6. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe andika bei za mnada wa kwenu. Lakini mwendo wa bei hauachi kuwa huo. Mwezi wa Juni nyasi bado zipo, mbuzi amenona, na mahindi yamejaa sokoni. Kiangazi kikikaza wanyama hukonda. Tena watu wengi hupeleka wanyama mnadani siku moja, wote wakitafuta chakula. Mnunuzi anajua kwamba mna njaa.

Darasani husikia mara nyingi maneno haya: "Mwalimu, mbuzi ni akiba yangu. Siwezi kuuza mbuzi na chakula kimo ndani." Maneno hayo yana sababu. Wazee wetu waliweka mali katika mifugo kwa sababu zuri, na tutaiona baadaye. Lakini akiba ni ya kutumika wakati wake. Mbuzi 2 wa Juni ni bora kuliko mbuzi 6 wa Februari.

Tuuze nini kwanza? Kila nyumba ina jibu lake, lakini kuna jambo moja la kufuata. Vitu vya nyumbani ni vya namna mbili. Viko vinavyokula na kukaa. Viko vinavyozaa au kufanya kazi. Jogoo wa tatu, beberu aliyezidi, dume la ng'ombe lililozeeka: hivyo viende mnadani mapema. Ng'ombe jike mwenye ndama asiende. Maksai wawili wa plau wasiende. Ukiuza maksai mwezi wa Februari, Novemba utalima kwa jembe la mkono. Pale ulipolima ekari 5 utalima labda 2. Mavuno yatapungua, na Februari nyingine itakuja mapema zaidi. Mbegu nayo isiliwe. Na shamba lisiuzwe kwa ajili ya unga. Unga wa gunia moja unakwisha wiki 6, lakini shamba likienda limekwenda.

Unapouza mpunga au mahindi, kataa lumbesa. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Lile linaloshonewa kichwa juu linakula madebe yako bila malipo. Pima kwa mizani. Najua kwamba ni rahisi kusema hivyo darasani kuliko mbele ya mnunuzi mwenye lori na fedha mkononi. Ndiyo maana inafaa majirani wauze pamoja, siku moja, mahali penye mizani.

Njia nyingine ya kujaza pengo la magunia 3 ni viazi vitamu. Mama zetu wa Kisukuma wanaijua kazi hii kuliko afisa yeyote. Michembe ni viazi vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa vikiwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa. Wakati wa kuanika ni huu wa kiangazi, jua likiwa kali. Michembe na karanga asubuhi huokoa unga wa nyumba. Siku hizi vijana wengine huona aibu kula michembe, wakisema ni chakula cha maskini. Basi waulizwe, Februari wanakula nini?

Chakula kikiwekwa vibaya, hesabu yetu yote ni bure. Unamjua dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni nchi za Amerika ya Kati. Hapa Tanzania alionekana kwanza katika mkoa wa Tabora, kwa jirani zetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu walimwita Scania, kwa jina la lori. Hupenda sana mahindi yaliyo bado kwenye magunzi. Kwa hiyo pukuchua mahindi yako. Yaanike mpaka yakauke kabisa. Kisha changanya na dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka, kwa kipimo atakachokuonyesha bwana shamba, au tumia mifuko isiyopitisha hewa na kuifunga vizuri. Usitumie dawa ya pamba hata kidogo. Dawa ya pamba huua watu.

Sasa tuwasikilize wazee, kwa kuwa shida ya leo si ya kwanza.

Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera. Vita vile vilikwisha mwaka 1979. Nchi yetu ilishinda, lakini fedha nyingi za kigeni zilikuwa zimekwisha. Mwaka huohuo bei ya mafuta duniani ilipanda sana. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ilipita na shida ikaendelea kwa miaka. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nimesimuliwa na wanakisomo wangu wazee, na kila mmoja ana kitu chake anachokikumbuka. Mmoja anakumbuka sabuni, mwingine khanga, mwingine kiberiti.

Shida ya wakati ule ilikuwa kinyume cha yetu. Leo duka limejaa na mfuko hauna kitu. Wakati ule mtu aliweza kuwa na fedha za pamba mfukoni, na dukani hakuna cha kununua. Sukari, chumvi, mafuta ya taa na majembe vilipatikana kwa foleni. Mwaka 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliwasaka walanguzi walioficha bidhaa. Waliitwa wahujumu uchumi. Watu wengine waliogopa wakatupa bidhaa porini usiku. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha za kigeni kuleta bidhaa kutoka nje. Hapo ndipo nguo zilipoanza kuonekana tena, na mitumba nayo ikaingia.

Je, nyumba za kawaida ziliishije? Walifua kwa majani ya mpapai. Walivaa katambuga za mpira wa gari. Uji ulitiwa ukwaju badala ya sukari. Moto wa asubuhi uliombwa kwa jirani, kijinga cha moto mkononi, kwa kuwa kiberiti hakikuwapo. Unga wa mahindi ya njano ulipoletwa kutoka Marekani, watu waliuita unga wa Yanga, kwa sababu ya rangi ya timu ile. Waliula hivyohivyo, na utani juu yake.

Kuna jambo jingine la miaka ile ambalo latufaa. Kabla ya mwaka 1986, dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 17. Mwaka 1986 ikapita shilingi 40. Bei za vitu nazo zikapanda. Mtu aliyefukia fedha zake katika kopo alizifukua zikiwa zilezile kwa hesabu, lakini zikinunua kidogo. Mwenye mtamba alibaki na mtamba wake, naye akazaa. Hii ndiyo sababu ya wazee kuweka mali katika mifugo, ile tuliyosema tutaiona. Lakini ng'ombe naye hufa kwa ugonjwa na kwa ukame. Kwa hiyo wazee hawakuweka ng'ombe wote katika zizi moja. Waliwagawa kwa ndugu na marafiki mbalimbali wawatunze. Ugonjwa ukiingia huku, kule wanabaki.

Nasi wa Kahama tumepata funzo la namna hiyo kwa dhahabu. Mgodi wa Buzwagi ulifunguliwa mwaka 2009. Nyumba nyingi ziliacha kulima kwa bidii. Baba alikuwa na mshahara, mama alipika chakula cha wafanyakazi, vyumba vilipangishwa. Mwaka 2017 serikali ilizuia makinikia kwenda nje, na kazi za mgodi wa Bulyanhulu zikapunguzwa. Mwaka 2021 Buzwagi ikaacha kuzalisha dhahabu. Waliokuwa wameshika jembe kwa mkono mmoja na mshahara kwa mkono mwingine waliyumba, lakini hawakuanguka. Sisemi kijana asiende machimboni. Wengi wamejenga nyumba kwa dhahabu. Nasema tu kwamba mgodi una siku yake ya kufungwa, na tarehe hiyo haiandikwi mlangoni.

Tumalizie na mkopo. Watu wanauita kausha damu, na hesabu hii itaonyesha sababu. Tuseme mwezi wa Februari unakopa shilingi 100,000 ununue gunia 1. Riba ni shilingi 20,000 kila mwezi. Utalipa Juni, baada ya miezi 4. Riba ni 20,000 mara 4, yaani shilingi 80,000. Jumla ni shilingi 180,000. Lakini Juni gunia ni shilingi 50,000 tu. Magunia 3 ni shilingi 150,000, na bado deni lipo. Utauza la nne ndipo umalize. Ulikula gunia 1, umelipa zaidi ya magunia 3 na nusu. Kabla ya kuweka dole gumba au sahihi yako, soma karatasi yote. Kama una kikundi cha kuweka na kukopa, kope huko kwanza, maana riba hurudi kwenu wenyewe.

Hesabu hizi zote mtu asizifanye peke yake. Baba akiuza gunia bila mama kujua, hesabu ya kihenge imevunjika, na mama ndiye atakayeulizwa na watoto Februari. Mama naye akikopa kwa siri, ni hivyohivyo. Andikeni pamoja. Mtoto wa darasa la tano anaweza kushika kalamu, na baba na mama wakasema.

Zoezi

1. Andika idadi ya watu wa nyumba yako. Mnakula madebe mangapi kwa wiki?

2. Zidisha kwa 52, kisha gawanya kwa 6. Mnahitaji magunia mangapi?

3. Mmevuna magunia mangapi? Chakula kitakwisha mwezi gani?

4. Andika vitu 5 ambavyo nyumba yako inaweza kuuza. Weka namba 1 kwa kile cha kuuzwa kwanza. Chora mstari chini ya kile ambacho hakitauzwa.

5. Muulize mzee mmoja jirani yako: mwaka 1983 alitumia nini badala ya sabuni? Andika jibu lake kwa sentensi 3, ulilete darasani Jumanne.