Eksirei za mezani: maswali ya mtafiti mchanga

Wahitimu wa fizikia wenye shahada ya uzamivu wanaotazama leza za kasi kubwa kama uwanja wa utafiti wao huuliza maswali yanayofanana. Haya ndiyo makuu.

Leza hizi zina kasi gani?

Hazimuliki mfululizo, bali hutoa mapigo mafupi ya mwanga yanayopimwa kwa femtosekunde. Sekunde moja ina femtosekunde milioni bilioni. Katika femtosekunde moja mwanga hausafiri hata nusu ya sehemu ya elfu ya milimita. Zamani pigo fupi lenye nguvu nyingi liliharibu leza yenyewe. Mwaka 1985, Donna Strickland na Gérard Mourou, wakiwa Rochester, Marekani, walitatua shida hiyo: walilirefusha pigo, wakalikuza, kisha wakalibana tena. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Mwanga wa leza unageukaje kuwa eksirei?

Pigo huelekezwa kwenye gesi kama agoni, neoni au heliamu. Nguvu ya mwanga huchomoa elektroni kutoka kwenye atomu na kuisukuma mbali. Wimbi linapogeuka, huirudisha kwa kasi. Elektroni inapoungana tena na atomu yake, nishati iliyoichuma njiani hutoka kama mwanga wa wimbi fupi zaidi: urujuanimno wa mbali, au eksirei laini. Anne L'Huillier na wenzake waliuona mwanga huo Ufaransa mwaka 1987. Mwaka 2001 kundi la Pierre Agostini lilipima mapigo ya atosekunde 250, yaani robo ya femtosekunde. Wawili hao, pamoja na Ferenc Krausz, walipewa Nobel mwaka 2023.

Mitambo mikubwa ya eksirei ipo. Kwa nini kuzizalisha mezani?

Leza ya eksirei ya LCLS huko California, iliyoanza kazi mwaka 2009, hutegemea kichapuzi cha elektroni chenye urefu wa kilomita nzima. Mwanga wake ni mkali kupita wowote wa mezani. Lakini watafiti huomba nafasi, na wakikubaliwa hupewa siku chache tu. Mezani, ukishuku jibu la leo, kesho unarudia jaribio. Tena mawimbi ya mwanga huu wa mezani hutembea kwa mpangilio mmoja kama ya leza, hivyo kompyuta huweza kujenga picha bila lenzi, kutokana na jinsi mwanga ulivyotawanyika. Katika taasisi ya JILA, Boulder, Colorado, kundi la Margaret Murnane na Henry Kapteyn limepiga picha hizo kwa wimbi la nanomita 13.5, lilelile linalotumika kuchonga chipu za kisasa.

Siku ya mtafiti ni ya namna gani?

Ni kazi ya mikono kwanza. Asubuhi unanyoosha vioo, maana joto la chumba likibadilika kidogo tu, mwale huhama. Unakagua pampu, kwa kuwa hewa hufyonza eksirei laini na njia yao yote lazima iwe ombwe. Miwani ya kinga haivuliwi: mwanga wa leza nyingi za aina hii hauonekani vizuri, ila unapofusha. Ndipo vipimo huanza, na baada yake saa nyingi za kuandika programu na kuchambua data.

Nitajuaje kama nafasi ya utafiti niliyopewa inanifaa?

Shahada ya uzamivu imethibitisha kwamba unaweza kulifikisha swali mwisho, mara nyingi swali la msimamizi wako. Utafiti unaofuata ni wa kujifunza kuchagua lako. Meza inafaa sana kwa hilo, kwa sababu mtu mmoja anaweza kulijua jaribio zima, tangu leza hadi picha. Basi kabla ya kutia sahihi, uliza mawili: leza itakuwa mikononi mwa nani kila siku? Na nikiondoka, naruhusiwa kwenda na swali langu? Usipopata jibu wazi kwa yote mawili, endelea kutafuta.