TUJIFUNZE KUANDIKA NA KUREMBA HATI

Katika makala haya tutazame sanaa ambayo wengi hudhani ni ya watu wa mbali: kuandika kwa mwandiko wa kupendeza na kuremba kurasa kwa rangi.

Si ya mbali hata kidogo. Katika karne ya 18 na ya 19, mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili Kurani kwa mkono na kuzipamba kwa rangi nyeusi, nyekundu na manjano. Karatasi ilitoka ng'ambo, lakini kazi ilikuwa yao. Huko Lamu naye aliishi Muhammad Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mchonga milango na mwandishi wa hati. Alinakili tenzi nyingi kwa herufi za Kiarabu, na nyingine zimehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha London. Mchwa na unyevu wa pwani haviogopi utenzi hata uwe mtamu vipi! Uliosalia ni ule uliopata mtu wa kuunakili.

Basi tuanzeje sisi wa Magunga? Vifaa viko karibu.

1. KALAMU. Ziwani kuna matete, yale tunayoyaita odundu. Chagua tete kavu na gumu, unene wa kidole kidogo. Likate lipate urefu wa shubiri moja. Kwa wembe, chonga ncha kwa mshazari, kisha ipasue kidogo katikati ili wino uteremke. Mwisho ikate ncha iwe bapa, isiwe kali kama ya penseli. Kata ukielekeza wembe mbali na vidole!

2. WINO. Shika kifuniko cha mkebe juu ya moto wa koroboi, ukusanye masizi. Loweka gundi ya mgunga katika maji kidogo hadi iyeyuke, uchanganye na masizi, kisha uchuje kwa kitambaa. Gundi ikipungua, wino utafutika ukikauka, ikizidi, hautateremka.

3. HERUFI. Piga mistari kwa penseli. Herufi ndogo kama a na n ziwe na kimo cha mara tano ya upana wa ncha. Shika kalamu kwa mshazari uleule tangu mwanzo hadi mwisho wa ukurasa, usiizungushe vidoleni. Hiyo ndiyo siri yenyewe: mstari mnene na mwembamba hujitokeza bila kulazimishwa. Juma la kwanza andika mistari mitupu, la pili herufi, la tatu maneno. Haba na haba hujaza kibaba.

4. UREMBAJI. Andika kwanza, remba baadaye, na wino ukauke kabisa. Acha pambizo pana. Herufi ya kwanza iwe kubwa, uizungushie majani au mafundo. Rangi mbili au tatu zatosha. Mafundi wa Siyu hawakuhitaji zaidi.

Wengine watauliza, "Sasa hii itatusaidia na nini katika mtihani?" Mwandiko unaosomeka haujawahi kumchukiza msahihishaji. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Lugha ya Kisuba ilizungumzwa na mababu wa wengi wetu hapa, na leo wengi wetu hatuijui. Wazee wanaoijua wanapungua kila mwaka. Methali zao hazijapata Kijumwa wao.

Kwa hivyo napendekeza kila mwanachama amwendee mzee mmoja, achukue methali moja ya Kisuba, amsomee tena kuhakikisha ameipata sawasawa, kisha aiandike na kuiremba kwenye karatasi nzuri, tafsiri ya Kiswahili ikiwa chini yake. Kurasa thelathini zikishonwa pamoja ni kitabu, na maktaba yetu ina nafasi ya kukiweka.

Tete likikatika, ziwani yako mengine. Mzee akiondoka na methali yake, je, tutaikata wapi?