Somo la 6: Je, Hii Nayo ni Dini?

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wafalme 5:15–27, Isaya 8:20, Matendo 5:33–42, 18:12–17, 24:1–21, 28:22, Yakobo 1:26, 27.

Fungu la kukariri: Matendo 5:38, 39.

Mwaka 2008, katika miji mingi ya Marekani, Ulaya na Australia, vijana waliovaa vinyago walisimama mbele ya majengo ya Kanisa la Sayantolojia wakipaza sauti kwamba humo ndani hakuna dini, kuna biashara. Madereva waliopita walipiga honi kuwaunga mkono. Nje ya waumini wake wenyewe, kundi hilo lina watetezi wachache.

Yawezekana mshiriki wa darasa la Shule ya Sabato asikutane na Msayantolojia hata mmoja maishani mwake. Hata hivyo, swali lililoulizwa mbele ya majengo yale ni la kale, na watu wa Mungu wamewahi kukaa upande wa wanaoulizwa. Nani ana haki ya kusema kwamba hii ni dini na ile siyo? Na akishasema, ni nini kinachofuata?

JUMAPILI: Mwandishi wa Hadithi na Kanisa Lake

L. Ron Hubbard, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1911, alijipatia riziki kwa kuandika hadithi za kubuni, nyingi zikiwa za sayansi na safari za anga. Mwaka 1950 alitoa kitabu kiitwacho Dianetics. Alidai kwamba maumivu ya zamani yaliyojificha akilini ndiyo chanzo cha hofu na magonjwa mengi, na kwamba yanaweza kuondolewa kwa mahojiano. Kitabu kiliuzwa sana, ingawa wanasayansi wa akili waliyakataa madai yake. Desemba 1953 mafundisho hayo, yakiwa yamepanuliwa, yalisajiliwa huko New Jersey kama kanisa.

Hapo ndipo shaka ya watu ilipoota mizizi, wala si shaka ya kijinga. Kilichotangazwa jana kama tiba, leo kimekuwa ibada. Katika kikao wanachokiita ukaguzi, muumini hushika makopo mawili ya chuma yaliyounganishwa kwa nyaya na kifaa chenye mshale. Mkaguzi humwuliza maswali huku akiutazama mshale unavyocheza. Wanafundisha kwamba mtu ni roho isiyokufa, wanayoiita thetani, iliyokwisha kupitia maisha mengi. Vikao vina viwango vya malipo vilivyopangwa, na mafundisho ya ngazi za juu hafunuliwi mtu ambaye hajazipanda zile za chini. Tena mwaka 1979 baadhi ya viongozi wake, akiwamo mke wa Hubbard, walitiwa hatiani huko Washington kwa njama ya kujipenyeza katika ofisi za serikali na kuiba nyaraka.

Soma 2 Wafalme 5:15–27. Kwa nini Elisha alizikataa zawadi za Naamani? Kosa la Gehazi lilikuwa nini hasa?

Kumtunza mtumishi wa Mungu si dhambi; Walawi waliishi kwa zaka. Lakini Naamani alikuwa mgeni katika imani, na Gehazi alimwacha arudi Shamu akidhani kwamba neema ya Mungu wa Israeli ina bei. Msomaji asiharakishe kumtafuta Gehazi huko California. Anaweza kumpata karibu zaidi, akiuza chupa za maji na mafuta ya upako.

JUMATATU: Swali Lafika Mahakamani

Mara nyingi swali la dini ni nini huulizwa na mtoza ushuru kabla ya mwanatheolojia. Katika jimbo la Victoria, Australia, tume ya uchunguzi ya mwaka 1965 iliwashutumu Wasayantolojia kwa maneno makali, na sheria ikapitishwa kuwazuia. Miaka kadhaa baadaye walikuwa mahakamani wakipinga kutozwa kodi ya mishahara, na mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Australia ikaamua kwamba kundi lao ni dini. Majaji wawili walitumia vipimo viwili: je, watu hawa wanaamini kiumbe, kitu au kanuni ipitayo maumbile ya kawaida? Na je, wanakubali mwenendo fulani wa maisha kwa ajili ya imani hiyo? Majaji hao waliongeza jambo linalostahili kutafakariwa polepole: hata kama mwanzilishi si mkweli, hilo haliifanyi imani ya wafuasi wake isiwe dini.

Uingereza ilichukua njia ndefu zaidi. Mwaka 1970 mahakama ilikataa kusajili jengo lao kuwa mahali pa ibada, kwa sababu majaji hawakuona Mungu anayeabudiwa humo. Mwaka 2013, binti mmoja aliyetaka kufunga ndoa katika jengo lao la London alifika hadi Mahakama ya Juu, akashinda. Majaji walisema kwamba kama kumwamini Mungu mmoja aliye juu ya yote ndiko kunakoifanya dini kuwa dini, basi hata Wabudha wangebaki nje.

Marekani yenyewe iliwaondolea msamaha wa kodi mwaka 1967 na kuwarudishia mwaka 1993, kwa makubaliano ambayo masharti yake hayakutangazwa wakati huo. Wengi hawajaacha kunung’unika.

Fikiri: Kama hakimu angetumia kipimo cha mwaka 1970, imani gani za majirani zako zingekataliwa?

JUMANNE: Madhehebu Yaliyonenwa Vibaya

Soma Matendo 24:1–21 na 28:22. Tertulo alimshitaki Paulo kwa mambo gani? Ni shitaka lipi lililohusu tendo, na ni lipi lililohusu jina tu?

Tertulo alikuwa msemaji hodari. Alichanganya uchochezi, kosa ambalo Rumi iliadhibu, na uongozi wa madhehebu ya Wanazorayo, jambo ambalo halikuwa kosa. Mkanganyiko huo ulikuwa ndio mpango wenyewe. Paulo alizitenga sehemu hizo mbili. Kuhusu fitina alidai ushahidi. Kuhusu Njia ile waliyoiita madhehebu, alikiri waziwazi kwamba anamwabudu Mungu wa baba zake kwa hiyo. Alipofika Rumi, Wayahudi wa huko walikuwa hawajapata barua wala mtu wa kumshitaki. Walijua jambo moja tu, kwamba kundi lake linasemwa vibaya kila mahali.

Warumi nao baadaye waliwaita Wakristo watu wasio na Mungu. Hawakuwa na sanamu wala dhabihu. Kwa kipimo cha wakati ule, hiyo haikuonekana kuwa dini.

Waadventista wana kumbukumbu zao. Mwaka 1889, huko Tennessee, mkulima Mwadventista aitwaye R. M. King alishitakiwa kwa kufanya kazi shambani mwake siku ya Jumapili. Na mwaka 1963 mwanatheolojia Anthony Hoekema alitoa kitabu kilichowahesabu Waadventista miongoni mwa makundi manne makubwa ya kizushi. Mtu aliyewahi kuitwa hivyo anapaswa kujua uzito wa neno “uzushi” kabla ya kumtwika mwingine.

Lakini kuna mtego hapa. Kusemwa vibaya si ushahidi wa kuwa na haki. Theuda na Yuda Mgalilaya, ambao Gamalieli aliwataja (Matendo 5:36, 37), walipingwa pia, na kazi yao ikapotea. Wasayantolojia hupenda kujilinganisha na Wakristo wa kwanza walioteswa. Mateso peke yake hayathibitishi fundisho.

JUMATANO: Kipimo cha Mafundisho

Hakimu hana kazi ya kuamua kama fundisho ni kweli. Kanisa haliwezi kuikwepa. Soma Isaya 8:20, kisha Mwanzo 2:7 na Mhubiri 9:5. Fundisho la roho isiyokufa inayohama kutoka maisha hadi maisha linasimamaje mbele ya mafungu haya? Jibu ni rahisi kwa darasa la Waadventista, na kwa hiyo halihitaji kejeli wala hadithi za kuchekesha kuhusu waigizaji wa sinema.

ALHAMISI: Galio Alikuwa Sahihi Nusu

Soma Matendo 18:12–17. Galio alikataa kuamua nini? Alikubali kwamba angesikiliza kesi ya namna gani?

Liwali wa Akaya alisema vema: kama lingekuwa dhuluma au uovu, angesikiliza, lakini maneno, majina na sheria yao wayaangalie wenyewe. Hapo alikuwa sahihi. Kisha Sosthene akapigwa mbele ya kiti cha hukumu, na Galio hakujali. Hapo alikosa, maana kipigo hakikuwa tena swali la majina.

Mwaka 2009 mahakama ya Paris iliitia Sayantolojia hatiani kwa ulaghai uliofanywa na kikundi kilichojipanga, na mwaka 2013 mahakama ya juu ya Ufaransa ikaithibitisha hukumu hiyo. Kesi haikuwa juu ya thetani. Ilikuwa juu ya fedha za watu waliosema wamelaghaiwa. Hivyo kundi lile lile linaweza kuwa dini mbele ya majaji wa Australia na kuwa na hatia mbele ya wale wa Ufaransa, na pande zote mbili zikawa sawa.

Afrika Mashariki inalijua jambo hili kwa machozi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu ambao inadaiwa walifundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Hakuna aliyehitaji kwanza kujibu kama ile ilikuwa dini. Watoto walikuwa wamekufa. Serikali ya Kenya iliunda kikosi kazi cha kupitia sheria zinazosimamia mashirika ya dini, na makanisa mengi yakaingiwa na hofu kwamba wema na waovu wangefungwa kamba moja.

Yakobo 1:26, 27 inatumia neno la Kigiriki lihusulo dini inayoonekana kwa nje. Yakobo haulizi kama dini ina jengo, usajili au mwanzilishi mashuhuri. Anamtafuta yatima na mjane, na kuuliza wametendewa nini.

IJUMAA: Kwa Kujadili Darasani

1. Mbunge wenu anapendekeza kwamba kila mhubiri awe na shahada ya theolojia kabla ya kanisa lake kusajiliwa. Sheria hiyo ingemzuia nani? Je, ingemzuia Petro? Je, ingeizuia Shakahola?

2. Jirani anaacha kazi na kutoa akiba yake yote kwa kikundi ambacho ninyi mnakiona cha uongo. Hajalazimishwa, wala hajavunja sheria. Mkewe anakuja kwa mzee wa kanisa akilia. Mzee amwambie nini mke huyo? Na akimkuta mume, aanzie wapi?

3. Gamalieli alishauri mitume waachwe, na baraza likamkubali, kisha likawapiga kabla ya kuwafungua (Matendo 5:40). Ni katika mambo gani kanisa lenu limekubali uhuru wa dini kwa maneno na bado likashika fimbo?