Jua la Nyika ya Mazinde

Mazinde ni mahali katika wilaya ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara, upande wa machweo. Mbele yake imetanda nyika pana. Nchi hii si jangwa kamili, lakini katika miezi ya kaskazi, tangu Desemba hata Machi, jua lake ni kali mno. Majani hunyauka, udongo hupasuka nyufa, na saa za adhuhuri hata mbuzi hujibanza kivulini.

Sababu ya ukavu huo ni milima yenyewe. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huchukua unyevu mwingi. Zikifika Usambara hupanda. Zikipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Basi mvua nyingi humwagika milimani na upande wa baharini, na upepo ushukao Mazinde huwa mkavu. Tena, kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, hewa hupoa kadiri ya digrii 6. Ndiyo maana mtu atokaye Lushoto amevaa koti, akifika Mazinde hulivua.

Hata hivyo watu wamekaa hapa tangu zamani. Baada ya kufa kwake Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara, mwaka 1862, mwanawe Semboja alipata nguvu nyingi akikaa Mazinde, kwa kuwa misafara ya biashara ilipita nyikani. Wapagazi wa misafara walikuwa watu wenye nguvu, lakini hawakushindana na jua. Walishika njia alfajiri, wakatua penye maji na kivuli kabla jua halijawa la utosi.

Mimea nayo ina hekima yake. Mbuyu huweka maji katika shina lake, na wakati wa kiangazi hupukutisha majani ili maji yasipotee. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893 na Daktari Richard Hindorf, una majani yenye ngozi ngumu kama iliyopakwa nta. Mchana hufunga vitundu vya majani yake. Usiku, hewa ikipoa, huvifungua ili kuvuta hewa ya kujitengenezea chakula.

Mwili wa mwanadamu una njia nyingine, nayo ni jasho. Joto la mwili wenye afya ni kadiri ya digrii 37. Likizidi, jasho hutoka, nalo likikauka juu ya ngozi huondoka na joto. Lakini katika hewa kavu jasho hukauka upesi, hata mtu asijue amepoteza maji kiasi gani. Kwa hiyo yampasa kunywa maji kidogo kidogo mara nyingi, asingoje kiu kali. Haja ndogo ikiwa chache na yenye rangi nzito, ni dalili kwamba maji yamepungua mwilini. Yafaa pia kuvaa nguo pana nyepesi na kofia, na kufanya kazi ngumu asubuhi au jioni.

Wako watoto wadhanio kwamba kuvumilia kiu machungani ni ushujaa. Huo si ushujaa, ni hatari. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na kukakamaa kwa misuli. Mwenzake asimcheke, ampeleke kivulini, amlegeze nguo, ammwagie maji, ampepee, na kumnywesha polepole. Lakini mgonjwa akianza kupayuka au akizimia, na mwili wake ukiwaka kama moto, joto lake huenda limepita digrii 40, naye aweza kufa. Huyo apoeshwe kwa maji mengi pasipo kukawia, na watu waitwe wampeleke hospitali. Aliyezimia asinyweshwe kitu, asije akapaliwa.

Mbuyu na mkonge haina miguu ya kukimbilia kivulini, lakini huokoka kwa kutunza maji na kungoja saa yake. Mwanadamu ana miguu na akili pia; haifai ashindwe na miti.

Maswali
1. Kwa nini mvua ni haba Mazinde, na milima yake hupata mvua nyingi?
2. Mkonge hufungua vitundu vya majani yake wakati gani? Kwa sababu gani?
3. Mwenzako akizimia juani machungani, utafanya nini kwanza?