Uhuru wa Kusema: Je, Wenye Chuki Nao Wanao?

Tuseme watu wanakuja kijijini kwenu wamevaa sare za wauaji waliomaliza ukoo wako. Wanataka kupita barabarani na bendera yao. Utafanyaje? Jambo hili lilitokea kweli huko Marekani. Hebu tujifunze.

Karibu na mji wa Chicago kuna mahali panapoitwa Skokie. Kisheria Skokie ni kijiji, ingawa mwaka 1977 kilikuwa na watu karibu 70,000. (Kijiji gani hicho!) Wakazi wengi walikuwa Wayahudi. Wanazi, yaani wafuasi wa Hitler, waliua Wayahudi milioni 6 hivi kule Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Maelfu ya watu wa Skokie walikuwa wamenusurika mauaji hayo.

Chicago kulikuwa na kikundi kidogo kilichojiita Wanazi. Kiongozi wao alikuwa Frank Collin. Walizoea kuhutubia katika bustani ya Marquette, lakini wakuu wa bustani wakawadai kwanza bima ya fedha nyingi. Ndipo Collin akataka kwenda Skokie. Ati anadai uhuru wa kusema tu. Mbona basi alichagua pale pale penye kidonda?

Baadhi ya viongozi waliwashauri watu wakae ndani, wasimtazame. Walionusurika wakakataa katakata. Zamani kule Ulaya nako waliambiwa wapuuze, yatapita. Hayakupita.

Kijiji kikaenda mahakamani. Tena kikatunga sheria ndogo tatu. Anayetaka kuandamana awe na bima ya dola 350,000. Chama cha siasa kisiandamane na sare kama za jeshi. Maandishi ya chuki yasigawiwe. Collin akatetewa na ACLU, chama cha kutetea haki za raia. Na wakili wake, David Goldberger, alikuwa Myahudi! Watu walikasirika, maelfu ya wanachama wakajitoa. Hoja ya chama ilikuwa hii: sheria inayomziba Mnazi mdomo leo, kesho itamziba mtu mweusi anayedai haki yake. Na kweli, wakulima wanaotaka kuandamana watazitoa wapi dola 350,000?

Mwaka 1978 mahakama zikafuta sheria zile. Collin akashinda kesi. Je, alikwenda Skokie? Wapi! Watu wengi walikuwa wakijiandaa kumpinga kule. Mahakama ilipomfungulia tena bustani ya Chicago, akageuza njia. Juni 24, 1978 Wanazi 20 hivi walisimama mjini Chicago. Wapinzani walikuwa maelfu, wakapiga kelele hata hotuba isisikike. Polisi walikaa katikati.

Kupinga namna hiyo ni uhuru uleule. Kuzomea ni kusema. Kutupa jiwe si kusema.

Sisi tunaona mahakama zilitenda sawa juu ya bima. Juu ya sare na maandishi, neno ni gumu zaidi. Ujerumani, ambako Hitler alitawala, sheria inakataza kuonyesha alama za Wanazi hadharani. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema uhuru wa kujieleza hauhusu matamshi ya chuki.

Wazee wa Skokie hawakunyamaza tena. Walianza kuwasimulia watoto wa shule yaliyowapata. Mwaka 2009 jumba kubwa la makumbusho ya mauaji yale lilifunguliwa hapo hapo Skokie.

Katika kikundi chenu someni tena zile sheria ndogo tatu. Ninyi mngebakiza ipi, mngefuta ipi? Kila mmoja atoe sababu.