«Plus» ya darasani na «kupita» ya nyumbani

Mdogo wangu, wa mwaka wa tatu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, alirudi na daftari lenye alama nyekundu. Swali lilikuwa la Kifaransa: Paul ana maembe 12, «cinq de plus que Jean», Jean ana mangapi? Aliandika 17. Mwalimu akasema mtoto ana akili nzito.

Nikamuuliza kwa Kiswahili chetu: «Paul iko na maembe 12, anapita Jean na maembe 5. Jean iko na ngapi?» Akajibu papo hapo: 7.

Basi hesabu aliijua. Kilichomkwamisha ni «plus», ambayo darasani ameizoea kama alama ya kujumlisha. Kitenzi kupita kinamwonyesha aliye mbele. (Mtoto mmoja si utafiti, najua.) Mwaka 1962, huko Montreal, Peal na Lambert waliona watoto wa miaka 10 wenye lugha mbili wakiwashinda wa lugha moja, hata katika majaribio yasiyotegemea maneno. Lakini wale walizimudu zote mbili. Huyu wetu anapimwa kwa lugha anayoanza kuijua, kisha matokeo yanaitwa akili.

Jana nilimrudishia swali la Kifaransa. Alinong'ona «anapita», akaandika 7.