SOMO LA TISA: DISKI HAICHEZI, TUFANYEJE?



Watu wengi vijijini wana diski za picha za harusi, ubatizo, maulidi au mazishi. Diski hizi hazikutoka kiwandani na picha zake. Zimechomwa kwa kompyuta na mpiga picha. Wakati mwingine unaiweka diski kwenye deki, unangoja, lakini picha haitokei. Wengine hukasirika wakaitupa. Usifanye hivyo. Huenda hiyo ndiyo diski pekee yenye sauti ya babu aliyefariki. Fuata hatua hizi, moja baada ya nyingine.

1. Jaribu diski nyingine
Weka kwenye deki diski nyingine unayojua kuwa ni nzima. Nayo ikikataa, ugonjwa uko kwenye deki. Pengine lenzi ina vumbi au imechakaa. Mwone fundi. Lakini ikicheza, ugonjwa uko kwenye diski yako. Endelea.

2. Safisha diski
Tumia kitambaa laini na safi. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha. Kwa nini? Habari za diski zimeandikwa katika njia inayozunguka. Mkwaruzo unaoikata njia hiyo huharibu kidogo tu. Mkwaruzo unaoifuata huharibu mengi kwa pamoja. Uchafu ukiwa mgumu, tumia maji safi na sabuni kidogo ya maji, kisha kausha. Usitumie mchanga wala petroli.

3. Tazama upande wa chini
Elekeza diski kwenye mwanga. Sehemu iliyochomwa ina rangi tofauti kidogo na sehemu tupu. Huanzia karibu na tundu la katikati. Usipoona mpaka wowote, ama diski imejaa, ama haina kitu. Kompyuta itaonyesha ukweli.

4. Soma maandishi
Hapa ndipo kujua kusoma kunapokufaa. Tazama juu ya diski. Je, ni CD au DVD? Kwa macho zinafanana, maana zote zina upana wa sentimeta 12. Lakini deki ya zamani inayosoma CD tu haiwezi kusoma DVD. Kisha tazama alama. DVD-R ina alama ya kutoa. DVD+R ina alama ya kujumlisha. Ziko deki zinazokubali moja na kukataa nyingine. Linganisha na maandishi yaliyo mbele ya deki yako au katika kijitabu chake.

5. Muulize aliyeichoma
Muulize maswali matatu:

(a) Je, umeifunga diski? Diski isiyofungwa huweza kucheza kwenye mashine iliyoichoma na kukataa kwenye deki nyingine.

(b) Je, umeitengeneza kama DVD ya video, au umenakili faili tu? Faili inayocheza vizuri kwenye kompyuta au simu huenda isieleweke na deki.

(c) Je, uliichoma kwa mwendo wa kasi sana? Mwambie aichome nyingine polepole, kwenye diski bora zaidi.

Siku nyingine, usimalize kulipa kabla hujaiona diski ikicheza. Icheze kwenye deki, si kwenye kompyuta tu.

Tunza diski yako
Diski iliyochomwa ina rangi maalumu ndani yake. Jua na joto huiharibu rangi hiyo. Kwa hiyo usiiache dirishani. Irudishe katika mfuko wake. Usibandike karatasi juu yake, maana itazunguka kwa kuyumba. Ishike ukingoni. Zaidi ya yote, tengeneza nakala mapema, wakati diski bado inasomeka. Weka nakala kwenye flashi, na nyingine kwa ndugu anayeishi mbali. Nyumba moja ikipatwa na moto, kumbukumbu haitapotea.

Maneno mapya
kuchoma diski: kuandika picha na sauti kwenye diski
kufunga diski: kukamilisha uandishi ili mashine nyingine ziweze kuisoma
lenzi: jicho la deki la kusomea diski

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini tunaanza kwa kujaribu diski nyingine?
2. Diski inacheza kwenye kompyuta lakini si kwenye deki. Taja sababu mbili.
3. Ni kumbukumbu gani za kijiji chetu zinazohitaji nakala sasa? Nani atafanya kazi hiyo?